Toyota Caldina ya 2004 yenye kilomita 271,000: uzoefu wangu hapa Dodoma

Nianze na jibu, maana najua wengi wenu mnataka bei na kama ningeirudia. Nililipa milioni saba na laki mbili. Ndiyo, ningeinunua tena, ingawa kuna mambo mawili matatu kwenye hii gari yananiudhi mpaka leo, na nitayasema.

Nyumbani tuko watano, tunaishi Nzuguni. Gari ndogo zilizojaa hapa mjini, IST, Vitz, Passo, zinabeba watu watano kwa kubanana, lakini watu watano na mizigo ni habari nyingine. Wakwe zangu wako Kondoa, na kutoka Kondoa huwezi kurudi mikono mitupu: kuna gunia la mahindi, kuna dumu la mafuta ya alizeti, kuna kuku wamefungwa miguu ambao mama mkwe hakubali kabisa wabaki. Noah ingemaliza kazi, ila bei yake ilikuwa juu yangu, na wese lake nalo. Nikabaki na zile za mgongo mrefu, ambazo buti lake limeungana na siti za nyuma: Fielder, Caldina, Wingroad, Probox.

Kuagiza Japan nilikuacha baada ya kupiga hesabu kwenye kikokotoo cha TRA. Ushuru wa forodha 25%, ushuru wa bidhaa 5% kwa injini ya kati ya cc 1,000 na 2,000, VAT 18%, halafu gari iliyozidi miaka 10 inachapwa 30% nyingine ya uchakavu. Zikipandiana hizo, kodi inakaribia kulingana na thamani ya gari mpaka bandarini. Kwa mwenye bajeti yangu, gari ya zamani ni ya mkononi, basi.

Sasa uhondo uko kwenye kilomita. Kila gari niliyoonyeshwa na madalali, iwe ya 2002 au ya 2008, odometa ilisoma elfu themanini na kitu. Utadhani zote zilikuwa za mtu mmoja. Hizi dashibodi za kidijiti mtu anashusha namba kwa kompyuta muda wa wewe kunywa chai, na hakuna alama inayobaki ya kuonekana kwa macho. Lakini kuna kitu kimoja ambacho wengi wao husahau kukibandua.

Magari mengi yaliyotoka Japan yana kibandiko kidogo kwenye fremu ya mlango wa dereva, au chini ya boneti, ambacho gereji ya kule iliweka ilipobadilisha oili. Maandishi ni ya Kijapani lakini tarakimu ni hizi hizi zetu. Mwaka mara nyingi umeandikwa kwa hesabu ya zama za mfalme wao. Zama za Heisei zilianza 1989, kwa hiyo chukua namba ya mwaka, jumlisha 1988: ukikuta 22, ni 2010. Angalizo tu, wakati mwingine kilomita zilizoandikwa ni za sevisi ijayo, kwa hiyo tofauti ya elfu tano isikupe presha.

Kuna Fielder moja niliiona Area C, safi, rangi imepigwa juzi juzi, odometa 89,000. Nikafungua mlango wa dereva, nikainama. Kibandiko kipo: mwaka 22, kilomita 131,000. Yaani mwaka 2010, ikiwa bado kwao, ilikuwa imeshatembea zaidi ya ilivyotembea leo ikiwa Dodoma. Nikamwita dalali aone. Akasoma, akakuna kichwa, akasema, "Bosi, hiyo ni ya tairi." Nikamshukuru, nikaondoka.

Caldina niliipata kwa mzee mmoja, mtumishi wa wizara aliyehamia huku na serikali mwaka 2017 akaacha familia Dar. Karibu kila mwezi alikuwa anashuka Dar na kurudi, kama kilomita 900 jumla. SGR ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024 akahamia kwenye treni, gari ikawa inalala tu uani kwake Ilazo, mwisho akaamua kuiuza. Odometa: 271,000.

Nikamuuliza, "Mzee, hizi kilomita mbona nyingi hivi?"

Akanijibu bila hata kuinuka kwenye kiti, "Kijana, nimezitembea mwenyewe. Ukitaka chache, wanazo kule kwa madalali, chini ya miti."

Kibandiko chake kilisoma mwaka 24, yaani 2012, kilomita 96,000. Gari iliingia nchini 2013, ikapewa namba za usajili za herufi C, na tangu hapo ni yake yeye. Hapo ni kilomita 175,000 kwa miaka kama 12, wastani wa elfu kumi na nne na ushee kwa mwaka. Kati ya 2017 na 2024 safari za Dar peke yake zilikula karibu elfu kumi na moja kwa mwaka, zinazobaki ni kazini na sokoni. Hesabu inaingia akilini. Tena sehemu nzuri ni kilomita za barabara kuu, injini ikiwa imepata moto wake, gia haibadilikibadiliki, breki haikanyagwi kila baada ya mita kumi. Mimi nazichukua 271,000 za namna hiyo kabla ya 120,000 za foleni ya Mbagala, na kabla ya 89,000 za kompyuta ndiyo usiseme.

Ukaguzi tulifanya mapema asubuhi. Fundi wangu alisisitiza mzee asiiwashe kabla hatujafika, na alipofika kitu cha kwanza akaweka kiganja juu ya boneti kuhakikisha ni ya baridi. Gari iliyochoka ikishawashwa nusu saa inaficha mengi. Mfuniko wa oili ulikuwa mkavu, hauna lile tope jeupe linaloonyesha maji yamechanganyika na oili. Gia zikaingia bila kushtuka. Ila kwenye rejeta kulikuwa na maji ya kahawia na ukoko mweupe mdomoni, na tulipowasha, mipira ya rejeta ikaanza kupata joto tangu mwanzo. Fundi akanitazama: "Mkuu, hii haina thamostati."

Hilo ni janga la gereji zetu. Gari ikichemsha mara moja, thamostati inang'olewa na kutupwa, eti injini ipoe vizuri. Kumbe kazi yake ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto linalotakiwa. Ikiondolewa, injini inakaa ubaridi muda mrefu, inakunywa mafuta zaidi, inasagika haraka, na sababu halisi ya kuchemsha inabaki palepale. Kwa hapa Dodoma sababu mara nyingi ni maji yenyewe. Maji yetu yana chumvi, kila mwenye birika anaujua ule ukoko mweupe. Ukoko huo huo unakaa kwenye mirija ya rejeta ukijaza maji ya bomba au ya kisima badala ya kulanti (maji maalumu ya rejeta), na mirija yenyewe ni myembamba.

Chini tukakuta mbele imeinuliwa kwa spesa, vile vipande vya kuongeza kimo. Inapendeza kwa macho, lakini inalazimisha sivijointi (viungo vinavyopeleka mzunguko kwenye tairi za mbele) kuzunguka kwa pembe ambayo hazikutengenezewa, na kweli, ukikata kona usukani ukiwa umeishia, upande wa kushoto ulikuwa unalia tak-tak-tak. Shokapu za nyuma zilivuja. Mzee alianzia milioni nane. Hatukugombana, fundi alimtajia kimoja kimoja, tukamalizana.

Ushauri wangu mkubwa uko hapa: milioni saba siyo bei ya gari ya milioni saba. Nilikuwa nimetenga milioni moja na nusu pembeni, na karibu yote ilikwenda mwezi wa kwanza. Rejeta mpya, thamostati, kulanti, sivijointi, bushi za mbele, shokapu za nyuma, betri. Oili na filta. Haidroliki ya giaboksi tulimwaga iliyotoka yenyewe tukajaza nyingine ya aina ya T-IV, hatukuisafisha yote kwa mashine, maana kwa giaboksi ya umri huu kuivuruga ghafla ni kuitafutia shari. Aliyenunua kwa senti yake ya mwisho ndiye utamsikia akisema Caldina mbovu.

Kuhusu injini. Hizi Caldina za 2002 hadi 2007 zina injini tofauti, na ni rahisi kuzitofautisha kwa chesisi namba kwenye kadi. Ikianza na ZZT ni cc 1,800, injini ya 1ZZ. Ikianza na AZT ni cc 2,000 ya D-4, ambayo inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa. D-4 ina nguvu nzuri, lakini pampu na nozeli zake zikianza kusumbua utahangaika, na mafundi wengi hapa hawataki hata kuifungua. Mimi nilitafuta ZZT na ndiyo nimepata. Inatumia cheni, siyo mkanda, kwa hiyo hakuna ile gharama ya kubadilisha taimingi belti.

Aibu ya 1ZZ ni kula oili. Pistoni za matoleo ya mwanzo zina vitundu vidogo vya kurudishia oili. Vikiziba kwa masizi, ringi zinakwama na oili inaungua taratibu. Yangu inapunguza kama robo lita kila kilomita elfu moja. Kwa injini inayobeba lita tatu na pointi saba tu, ukisubiri sevisi hadi sevisi bila kuchomoa kijiti cha kupimia oili ukaangalia, utaiua. Nina galoni ndogo ya oili kwenye buti, nimeshazoea. Na filta ya hewa, kwa vumbi la kiangazi hapa kwetu, naifungua na kuipuliza mara nyingi kuliko kitabu kinavyosema.

Barabara ya Kondoa ni lami tupu, gari inatulia, na nikifuata vibao vya 50 vijijini (tochi za trafiki hazina mchezo) napata kilomita 12 hadi 13 kwa lita. Mjini 9. Safari ya mwisho tulilaza upande mmoja wa siti, gunia likalala kwa urefu, mdogo akapakatwa na mama yake, kuku wakawa nyuma ya gunia na boksi la matambara. Mshale wa joto haukusogea kutoka katikati, na ilikuwa Oktoba, AC inafanya kazi.

Yanayoniudhi sasa. Baada ya kutoa spesa gari imerudi chini ilivyozaliwa, na mitaa yetu mvua ikishachimba, eksozi inapiga chini nisipopita kiupande. Kuna makorongo Januari hadi Machi nayazunguka kabisa. Vishokapu vinavyoshikilia mlango wa buti vimechoka, mlango unashuka wenyewe, na ulishampiga mke wangu kichwani akiwa anatoa vitu vya sokoni. Hilo bado nalipia kwa maneno.

Spea za injini hazisumbui kwa sababu 1ZZ iko pia kwenye Allion, Premio na Wish za cc 1,800 za toleo la kwanza. Spea za bodi ndiyo shughuli. Taa ya nyuma ya kulia nilizunguka maduka yote hapa nikakosa, ikabidi iagizwe Gerezani, Kariakoo, ikaja na basi.

Makaratasi yalikuwa rahisi kuliko nilivyotegemea kwa sababu moja: kadi ilikuwa na jina la mzee mwenyewe. Mkataba kwa wakili, TIN yake na yangu, kadi halisi, tukaenda TRA. Kabla ya kulipa niliangalia faini za trafiki na madeni ya maegesho ya TARURA kwa namba ya gari, kwa sababu hayo yanahamia kwako. Bado kuna watu wananiuliza kama "rodi laisensi" ilikuwa imelipwa. Ile ilifutwa 2017 ikapelekwa kwenye bei ya mafuta. Gari yenye kadi ya jina la mtu wa tatu "aliyeko safarini" niliziacha mbili, moja ikiwa nzuri kweli kweli.

Kama safari zako zinaishia Mtumba na kurudi, na watoto ni wawili, chukua Fielder ya cc 1,500, inakunywa kidogo na spea ziko kila kona. Probox ni ngumu kweli, ila siti za nyuma ni ubao, watoto wangu walikaa dakika tano wakasusa. Subaru Legacy niliijaribu pia: inaendeshwa raha kuliko zote nilizozitaja, lakini fundi wangu aliniambia wazi kwamba yeye hagusi, nami sikuona faida ya kununua gari ambayo nitaanza kwa kuitafutia fundi mpya.