Uzoefu wangu na nesi mratibu wa wagonjwa wa kansa ya kibofu

Mzee wangu ana miaka 67, analima mpunga Magu. Mwaka jana akaanza kukojoa damu na wala hasikii maumivu, sasa kwetu huko ukikojoa damu kila mtu anasema kichocho, akameza dawa za kichocho, baadae za UTI, miezi inakatika. Kuja kupigwa kamera ya kwenye kibofu ndo uvimbe ukaonekana.

Hospitali ya kwanza, jina silitaji, kila daktari kivyake. Kinyama walichokata kwenye uvimbe nilipewa mimi kwenye kichupa nipeleke maabara, nimekikumbatia kwenye daladala naogopa hata kusukumwa. Wiki 3 majibu yakatoka, daktari wa kansa akasoma akasema hapa hawajaandika kama msuli wa kibofu umo kwenye hicho kinyama, na asipojua kama kansa imeingia kwenye msuli hawezi kupanga kitu, maana ikiwa juu juu wanakwangua na kuweka dawa humohumo kibofuni, ikiingia ndani ni habari nyingine. Rudini kwa daktari wa mkojo. Yuko likizo. Nililia pale koridoni jamani.

Tulivyohamia hospitali nyingine tukakabidhiwa Sista mmoja, kazi yake ni wagonjwa wa kansa ya kibofu na tezi dume tu. Akamwaga bahasha yetu mezani, akapanga karatasi kwa tarehe, akampigia daktari wa upasuaji sisi tumekaa hapohapo. Mzee akakwanguliwa upya, kesi ikapelekwa kwenye kikao cha madaktari wote, wa upasuaji, wa kemo (zile dawa za kuua kansa), wa picha, wa maabara, tukarudishiwa jibu moja: imeingia kwenye msuli, aanze kemo halafu kibofu kitolewe. Sista ndo alikumbusha figo zipimwe kabla maana ile dawa ya kemo inayoitwa sisplatini inazitesa, na kweli moja ilikuwa imevimba mkojo haushuki, ikawekwa mrija kwanza.

Kabla ya upasuaji mzee aligoma. Sista akamleta baba mmoja aliyeshatolewa kibofu, anayevaa mfuko wa mkojo tumboni, wakaongea Kisukuma, yule baba akapandisha shati akamuonesha, akamwambia mi nalima nao huu. Mzee akasaini siku ileile.

Nampa nyota 4. Ya tano nimeizuia sababu yuko peke yake na wikiendi simu haipatikani, mfuko ulivuja Jumamosi usiku tukahangaika na kanga hadi Jumatatu. Uongozi mwongezeeni mwenzake tafadhali.