Kanisa la Mtakatifu Sofia, Bulgaria: shuka chini kwanza

Ukifika Sofia, mji mkuu wa Bulgaria, usiulize njia kwa mkazo wa Kiswahili. So-FI-a kwa Mbulgaria ni jina la mwanamke; mji ni SO-fia. Ataelewa, ila atatabasamu.

Wengi huja hapa wakiamini mji umepewa jina la binti mfalme, na hadithi ya binti huyo bado inasimuliwa. Iache. Sofia ni neno la Kigiriki, maana yake hekima, na kanisa hili liliwekwa wakfu kwa Hekima ya Mungu. Mji wenyewe Warumi waliuita Serdica, kutokana na kabila la Waserdi, na Waslavi wakauita Sredets. Kanisa lilikuwa kubwa na mahali pa juu, hivyo kuanzia karne ya 14 jina lake likaumeza mji mzima.

Ndani ni matofali mekundu matupu. Anayetafuta dhahabu na michoro avuke uwanja aende kanisa kuu la Alexander Nevsky. Jengo hili ni la karne ya 6, likageuzwa msikiti na Waturuki wa Osmani, matetemeko ya karne ya 19 yakaliharibu vibaya, kisha likakarabatiwa. Kengele haina mnara: imening'inizwa mtini nje, na wageni wengi hupita chini yake bila kuiona.

Kuingia kanisani ni bure. Tiketi ni ya chini ya sakafu, na ndiko penye thamani: makaburi ya Serdica yaliyojengwa kwa matofali, pamoja na mabaki ya makanisa yaliyotangulia, sakafu juu ya sakafu. Vijia ni vyembamba, kwa hiyo begi kubwa litakusumbua, na asiyeweza ngazi atabaki juu. Tenga saa moja. Kutoka uwanja wa ndege (jengo la pili) panda metro, ushuke kituo cha SU Sv. Kliment Ohridski, kilichobaki ni mwendo mfupi kwa miguu.

Sanamu ya Sofia, iliyosimamishwa mwaka 2000 palipokuwa na sanamu ya Lenin, kiongozi wa wakomunisti wa Urusi, iko karibu na kituo cha metro cha Serdika. Inapendeza kwa picha, lakini inazidisha mkanganyiko: inamwonyesha mwanamke mwenye taji, bundi mkononi. Kwa Wagiriki bundi ni hekima. Kwetu angefukuzwa kwa mawe.

Kwa wazazi wanaotafuta jina: Safia si Sofia. Safia ni Kiarabu, msafi au aliye halisi, na hakuna undugu kati yao. Ndugu wa kweli wa Sofia katika Kiswahili ni falsafa: philosophia ya Wagiriki, kupenda hekima, iliyotufikia kupitia Kiarabu.

Makaburi ya chini, nyota tano. Sanamu, mbili.