TAHADHARI: Kuna mtu hapa Tanga anauza rangi ya magari ndani ya chupa za Tamiya

Ndugu zangu mnaounda ndege za modeli, wa Tanga mjini, Muheza, Pangani na kokote mnakoagiza vifaa kwa simu, naomba msitume hela kwa mtu yeyote anayetangaza rangi za Tamiya (kampuni ya Kijapani ya modeli na rangi zake) "mzigo mpya, bei ya chini" kabla hamjasoma haya.

Muuzaji mwenyewe hana duka. Anarusha picha kwenye makundi ya WhatsApp, anataka alipwe kwanza, kisha mzigo unaletwa na bodaboda au mnakutana stendi ya Kange. Chupa ni za Tamiya kweli, zile ndogo za mililita 10, na lebo ni halali. Kilichomo ndani ndicho si chenyewe. Ni chupa zilizokwisha kutumika, zikaoshwa, zikajazwa rangi ya magari iliyozimuliwa kwa thina ya gereji. Sisemi kwa kubahatisha. Nilimpelekea chupa fundi wa kupulizia magari huku Ngamiani, akaifungua, akanusa, akapaka kidogo kwenye kipande cha bati, akasema hii ndiyo anayoshinda nayo kutwa nzima.

Nilikuwa namalizia Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza, ya skeli ya 1/48, yaani ndogo mara 48 kuliko ndege halisi. Wanaozijua ndege hizi wanajua kwamba Agosti 1941 jeshi la anga la Uingereza liliamuru ndege zake za kivita za mchana ziache ile kahawia ya udongo, juu ziwe kijani na kijivu cha bahari, tumboni kijivu chepesi. Rangi hizo tatu kwa Tamiya ni XF-81, XF-82 na XF-83, na zote tatu nilizinunua kwake. Tumbo lilikubali vizuri kwa dakika chache. Kisha bawa la kushoto likaanza kujikunja juu juu kama utando wa maziwa yanayopoa, na mistari ya maungio ya mabati, ile myembamba ambayo ndiyo uzuri wote wa ndege, ikafumba. Nilipolishika ukingoni ili niligeuze, alama ya kidole gumba ilizama kwenye plastiki ikabaki pale pale. Kioo cha rubani, ambacho nilikuwa nimekifunika kwa tepu, kiliingiwa na mvuke pembeni kikafanya nyufa ndogo ndogo. Kioo hakitengenezeki kikishafika hapo.

Sababu yake inaeleweka. Seti nyingi za ndege zimetengenezwa kwa plastiki ya polistirini, na thina kali ya magari huiyeyusha plastiki hiyo. Rangi za Tamiya za XF ni akriliki. Unaweza kuzizimua kwa maji au kwa kizimulio chao cha X-20A, na hazili plastiki. Zipo pia rangi za laka, yaani zinazozimuliwa kwa thina, zilizotengenezwa kwa ajili ya modeli, na hizo zinafaa ukizipulizia nyepesi nyepesi. Rangi ya gari imetengenezwa kwa ajili ya bati lenye praima. Ni vitu viwili tofauti kabisa.

Ukimlalamikia, anakujibu kwa upole kwamba ni unyevu wa Tanga, subiri masika yaishe. Hapo ndipo anapowapata wengi, maana nusu ya maneno yake ni kweli. Hewa ya pwani ikiwa nzito, laka huweza kuingia weupe kama ukungu inapokauka, na wengi wetu tumeshaliona hilo. Lakini unyevu haulainishi plastiki wala haufuti mistari. Ukiona bawa limekuwa laini, jua ni thina.

Namna ya kuipima kabla hujaigusa ndege: chukua kijiti cha fremu ambamo vipande vimekatwa, maana plastiki yake ni ile ile ya seti. Dondoshea rangi, subiri kidogo, kisha kwangua kwa ukucha. Ikiwa chini yake kunanata au kumelainika, funga chupa. Angalia pia mng'ao. Namba zote zinazoanza na XF hukauka bila kung'aa. Zinazong'aa ni zile za X peke yake. XF-83 niliyouziwa ilikauka inang'aa kama boneti, na hicho peke yake kinatosha kukwambia umeibiwa.

Mtu huyu huyu anauza pia stika za maji za alama za Jeshi la Anga la Tanzania, kwa ajili ya MiG-21 ya 1/72. Najua kwa nini vijana wanazikimbilia: MiG-21 ni ndege zilizotumika kwenye Vita vya Kagera, na stika zenye alama zetu ni adimu mno. Kijana mmoja wa Makorora alinionyesha zake. Zimechapwa kwa printa ya kawaida bila kupigwa vanishi juu. Alipoziweka majini, kijani kilichuruzika kabla karatasi haijaachia. Stika nzuri huteleza kutoka kwenye karatasi yake na wino haubanduki. Kata pembe ya karatasi, ijaribu kwenye maji mbele ya muuzaji, kabla ya kulipa.

Linaloniumiza zaidi ni afya. Wengi tunapulizia chumbani, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi, tumevaa barakoa ya kitambaa. Barakoa hiyo haizuii mvuke wa thina hata kidogo. Inatakiwa yenye vichujio vya kaboni. Mvuke wenyewe unashika moto. Mtoto wa miaka 15 anayedhani anapulizia akriliki anavuta kitu ambacho fundi wa gereji anakipulizia nje.

Kama rangi hiyo imeshakaa kwenye ndege yako, usiifute na usiiongezee thina. Iache siku kadhaa hadi plastiki iwe ngumu tena, kisha tumia msasa laini wa maji, jaza puti penye mashimo, na uchonge mistari upya kwa sindano na rula.

Chupa usitupe, na ujumbe wa malipo usiufute. Namba iliyotumika kukutapeli itume kwa SMS kwenda 15040, na bidhaa bandia zinapelekwa kwa Tume ya Ushindani, FCC. Polisi watataka hivyo vitu viwili, chupa na ujumbe. Mimi vyangu nimeviweka, na aliyeuziwa na mtu huyu anitafute inboksi ili twende kituoni pamoja, kwa sababu namba ya simu ameshaibadilisha na bado anaweka picha zile zile.