Migebuka kwa Wakwe kutoka Ujerumani: Huduma ya Harusi Tuliyoipata Kigoma

Binti yetu aliolewa Jumamosi ya tarehe 7 Septemba 2024 hapa Kigoma mjini, na mume wake ni Mjerumani. Tangu siku hiyo nimeulizwa mara nyingi, hasa na akina mama wenzangu wenye shughuli mbele yao, kuhusu kampuni tuliyoikabidhi chakula, mapambo na ushehereshaji, nami nimeona ni afadhali niandike mara moja kwa ukamilifu kuliko kurudia maneno yale yale kila tunapokutana sokoni. Jina la kampuni sitalitaja, kwa kuwa sehemu ya nitakayoyasema ni malalamiko na mwenye kampuni nimekwisha kuzungumza naye ana kwa ana.

Mkataba wetu ulikuwa wa wageni 250 kwa shilingi 18,000 kila sahani, yaani shilingi 4,500,000 za chakula peke yake, vinywaji na mapambo vikihesabiwa mbali. Walitaka asilimia 70 ya fedha hizo iwe imelipwa wiki mbili kabla, sharti ambalo mweka hazina wa kamati yetu alilipinga kwa nguvu, kwa sababu kila aliyewahi kukusanya michango ya harusi anafahamu kwamba ahadi hutangulia na fedha hufuata kwa kujivuta. Hatimaye tulikopa ili kujaza pengo, na mkopo huo tuliulipa siku tatu baada ya harusi.

Sifa za kampuni hii zote, kwa maoni yangu, zinaanza na kuishia kwa mama mpishi. Tulipomwendea mwezi wa Aprili tulikuwa tumepanga harusi ifanyike Julai, wakati ambapo wakwe zetu wangekuwa likizo. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akatuuliza kama tulikuwa tunataka wageni watoke Ulaya waje Kigoma kula kuku. Mwaka ule Ziwa Tanganyika lilikuwa linafungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, na migebuka wabichi, samaki wa ziwa hilo, wasingepatikana kwa fedha yoyote. Mume wangu akapendekeza tarehe 24 Agosti. Mama mpishi akaikataa nayo, akisema kwamba hizo zingekuwa siku chache tu baada ya mwezi mpevu, na wavuvi wetu, ambao huwavuta samaki kwa mwanga wa taa usiku, hawaambulii kitu cha maana kukiwa na mbalamwezi. Tarehe 7 Septemba, katika giza la mwezi mchanga, aliichagua yeye. Nimeshiriki kamati nyingi za harusi, na hii ndiyo mara ya kwanza kuona mpishi akipanga tarehe badala ya paroko.

Alfajiri ya siku yenyewe nilifuatana naye mwaloni Kibirizi, wavuvi wanakoshushia samaki, kwa udadisi zaidi kuliko kwa kumchunga. Alikuwa akifunua mashavu ya samaki mmoja mmoja, na wale ambao wekundu ulikuwa umeanza kufifia aliwarudisha kwenye beseni la muuzaji bila kusema neno, jambo lililomuudhi muuzaji kuliko kama angebishana naye. Migebuka hao waliliwa jioni ile ile, wengine wakiwa wamekaangwa wakakauka, wengine wakiwa kwenye mchuzi wa mawese uliokolea nyanya na vitunguu, pamoja na ugali wa muhogo, wali, maharage na sombe, yaani kisamvu. Mawese yalikuwa mapya, yasiyo na ule ukakasi unaobaki kooni pale mpishi anapobana matumizi. Naongeza kwamba mbuzi na ng'ombe walichinjwa na Muislamu, na vyombo vya nyama havikuchanganywa na vingine, kwa hiyo majirani zetu wa Ujiji walikula kwa amani katika harusi iliyofungwa kanisani. Hilo hatukuwa na haja ya kulikumbusha.

Baada ya kusema hayo, naomba nieleze kilichonikera.

Wakwe zetu walikuja 14. Tulipoingia ukumbini nilikuta wametengewa meza ndefu upande wa kushoto, karibu na feni, yenye vyakula vyake peke yake: chipsi, soseji na tambi ambazo tayari zilikuwa zimepoa na kushikamana. Hatukuwa tumeagiza meza hiyo, na hakuna mtu aliyekuwa amewauliza wageni wanapenda nini. Watu hao walikuwa wamesafiri kutoka kaskazini mwa Ujerumani, wawili kati yao wakiwa wamekataa ndege na kuja kwa treni ya reli ya kati kutoka Dar es Salaam, halafu wanakalishwa mbele ya soseji huku harufu ya migebuka ikipita juu ya vichwa vyao. Mama mwenzangu, yaani mama wa bwana harusi, alivumilia kwa dakika kadhaa, akainuka na sahani yake tupu, akaenda kusimama kwenye foleni nyuma ya shangazi yangu aliyetoka Kasulu. Shangazi hajui Kijerumani, wala yule mama hajui Kiha wala Kiswahili. Nilimwona shangazi akimega tonge, akalibonyeza kwa kidole gumba ili kufanya kishimo cha kuchotea mchuzi, kisha akamshika mwenzake mkono na kumwelekeza afanye hivyo hivyo. Baada ya hapo akamchambulia miba ya samaki kama anavyowafanyia wajukuu. Wageni wengine walipoona hivyo, meza ile ilibaki na chipsi zake.

Nilipomuuliza msimamizi wa wahudumu sababu ya utengano huo, alinijibu kwa heshima, "Mama, wageni wakiumwa matumbo tutalaumiwa sisi." Nimeitafakari hoja yake na siidharau, kwa kuwa ugeni wa chakula ni jambo la kweli. Hata hivyo, hofu hiyo ilikuwa na dawa rahisi: kuuliza. Kampuni inayojua kwamba jirani yangu hatakula nyama isiyochinjwa kwa sheria ya dini yake haiwezi kusema kwamba haijui kumuuliza Mzungu anakula nini.

Kasoro ya pili ni ya mapambo, na hii mpaka leo tunaicheka nyumbani. Kwao Ujerumani kuna desturi ya maharusi kukata gogo kwa msumeno wa watu wawili, mmoja huku na mwingine kule, ili ionekane jinsi watakavyovutana na kupokezana katika maisha. Tuliwaeleza wapambaji wiki tatu kabla. Gogo la mwembe tulilitafuta wenyewe, na msumeno tukaazima kwa fundi wa mitumbwi wa Kibirizi; wao waliombwa tu watayarishe mahali pa kuliweka. Badala yake walilifunika gogo zima kwa satini nyeupe, wakalizungushia maua na utepe wa dhahabu, likawa kama mgonjwa aliyefungwa bendeji. Maharusi walipovuta msumeno mara ya kwanza, kitambaa kikanasa kwenye meno, na mapambo yote yakaja nacho. Fundi mwenyewe, aliyekuwa miongoni mwa waalikwa, alilazimika kuvua koti na kuja kuchana satini kwa kisu. Mshehereshaji naye, badala ya kueleza maana ya tendo hilo, alitangaza kwamba wakwe wamekuja kupasua mbao, na watu wakacheka bila kujua wanachokicheka. Kazi yote ya kutafsiri, kuanzia hotuba hadi foleni ya zawadi, ilimwangukia mpwa wangu, ambaye hakuwa kwenye mkataba wala hakulipwa.

Muziki ulikuwa wa kawaida. Vinywaji vilitosha. Wageni walizidi idadi ya kadi, kama ilivyo ada, na chakula kilitosha pia, kwa sababu mama mpishi alikuwa amekadiria ziada hiyo tangu mwanzo bila kututoza.

Siku iliyofuata, baba wa bwana harusi, ambaye anaishi si mbali na Papenburg, aliomba apelekwe bandarini kuitazama Liemba, meli iliyojengwa mjini huko mwaka 1913, ikafunguliwa vipande na kuletwa Kigoma kuunganishwa upya. Alibeba chakula cha njiani alichofungiwa na mama mpishi: migebuka wawili wa kukaanga ndani ya gazeti.

Kijana wetu wa pili anatarajia kuoa mwakani, safari hii kwa Wahaya wa Bukoba. Nimekwisha kumwendea mama mpishi na kalenda mkononi ili anitazamie mwezi, na nimemwambia mwenye kampuni kwamba mapambo na mshehereshaji nitatafuta kwingine. Amekubali, ila asilimia 70 bado anaitaka wiki mbili kabla.