Waini nyeupe nimeipenda, yule kijana wa kaunta sitamsahau

Naandika bado nina hasira, mnivumilie. Majuzi nilimchukua mama yangu mdogo tukaenda shamba moja la zabibu nje ya Dodoma mjini, wanapotengeneza na waini hapo hapo. Jina silitaji. Mama mdogo ana mizabibu yake Mpunguzi, anavuna mara mbili kwa mwaka, na kuna misimu zabibu zimemwozea shambani kwa kukosa mnunuzi. Miaka yote hiyo hajawahi kuonja waini nyeupe. Nikasema leo ataonja.

Tumefika kaunta, mama mdogo akamsalimia kijana, "Mbukwa." Kijana kimya, macho kwenye simu. Nikaomba tuonje Chenin Blanc, waini yao nyeupe. Akamtazama mama kuanzia kanga hadi kandambili, akasema, "Huyu bibi hataiweza hii, mnunulie Dompo."

Dompo, ile waini tamu ya hapa Dodoma, sina ugomvi nayo, kwetu sikukuu haikosekani. Lakini mtu anayepogolea mizabibu kwenye jua la Dodoma, mgongo umepinda, leo aambiwe hataiweza? Akamimina glasi moja, yangu tu. Mama mdogo akajifanya anaangalia mizabibu nje. Kule kujifanya ndiko kulikoniuma kuliko maneno yenyewe.

Nikalipia chupa nzima tukaondoka. Nilishaamua: nyota moja, nayo ni ya mlinzi wa getini aliyempa mama kiti.

Sasa jioni, chupa imeshapoa vizuri, tukafungua. Jamani! Harufu inakufikia kabla glasi haijagusa mdomo: pera lililoiva, ua la mlimao, halafu kwa mbali asali mbichi. Ukinywa kuna uchachu safi unaobaki ulimini, siyo sukari tupu kama nilivyozoea. Mche asili yake Ufaransa, sawa, ila jua lililoivisha zabibu hizi ni letu.

Mama mdogo alinusa muda mrefu bila kunywa. Akauliza, "Ndiyo zile nyeupe tunazowauzia?" Nikamwambia ndizo. Akanyamaza, akanywa, kisha akanisogezea glasi nimwongeze.

Basi waini naipa nyota nne. Hapana, tano, haki yake. Mapokezi sifuri, na hiyo haibadiliki mpaka mama aombwe radhi. Chupa nyingine mbili nimeshamwagiza bodaboda. Mimi pale kaunta sikanyagi.