Kupima mwitikio wa chaneli kwa ADALM-PLUTO: uzoefu wangu

Naitumia ADALM-PLUTO ya Analog Devices, redio ndogo inayoendeshwa kwa programu ya kompyuta, kupima chaneli ndani ya majengo, yaani jinsi mawimbi yanavyobadilika yakisafiri kutoka antena hadi antena, na kilichonifanya nibaki nayo ni hiki: inatuma na kupokea kwa wakati mmoja, na pande zote mbili zinafuata saa moja. Ukiwa na redio mbili, kila moja na saa yake, tofauti ya sehemu 10 tu kwa milioni ni 24 kHz kwenye 2.4 GHz, na fezi (hatua ambayo wimbi limefikia katika mzunguko wake) inazunguka ovyo hata kabla hujapima kitu. Hapa usumbufu huo haupo.

Natuma mfuatano wa Zadoff-Chu, mfuatano wa namba wenye nguvu sawa kwenye masafa yote, unaojirudia bila kukatika. Kwenye Python nachukua FFT (hesabu inayotenganisha mawimbi kwa masafa) ya kilichopokewa, naigawanya kwa FFT ya kilichotumwa, basi, mwitikio huo hapo. Upana wa masafa yake ni 20 MHz, kwa hiyo njia mbili zinazopishana kwa chini ya nanosekunde 50, yaani mita 15, huungana zikawa kilele kimoja kwenye grafu ya ucheleweshaji. Chumbani usitarajie kuuona mwangwi wa kila ukuta. Ukumbi mkubwa ndio unaoifaa.

Lakini hata chumbani kuna mengi. Nilisogeza antena ya kupokea sentimita 3 hivi, robo ya wimbi kwenye 2.4 GHz, na mstari mzima wa mwitikio kwenye grafu ukazama, nikairudisha, ukapanda. Kwa anayefundisha ufifiaji wa mawimbi, jaribio hilo peke yake linatosha kuinunua.

Kabla ya antena, unganisha kutuma na kupokea kwa kebo yenye kipunguza nguvu cha 30 dB na uhifadhi vipimo vyake. Vichujio vya redio vina umbo lao, na usipoliondoa utadhani ni kuta zilizokata kingo za bendi. Zima pia urekebishaji nguvu wa kiotomatiki, la sivyo chaneli dhaifu na yenye nguvu zitaonekana sawa. Hili nalisisitiza kwa kila anayeniuliza.

Kwa jinsi ninavyoitumia, sampuli za kupokea hazianzi sambamba na za kutuma, hivyo napata ucheleweshaji wa njia moja dhidi ya nyingine, si umbali halisi. USB 2.0 nayo haibebi 20 MHz mfululizo. Nachukua vipande vifupi, na kwa chaneli isiyobadilika haraka vinatosha. Anayetaka antena mbili kila upande atafute redio nyingine ya aina hii, USRP B210.