Bia nyeusi ya kahawa ya Bugisu, uzoefu wangu

Ijumaa jioni nilipita supamaketi moja pale Ntinda kuchukua mkate na maziwa, pombe hata sikuwa naifikiria, sasa karibu na kaunta kuna friji nikaona chupa ndogo nyeusi, lebo imechorwa mlima na buni nyekundu, imeandikwa ni ya msimu na inapikwa na kiwanda kidogo cha hapahapa Kampala kwa kahawa ya Bugisu. Mimi ni mtu wa Mbale, hukohuko Bugisu. Nikabeba mbili bila kuuliza bei, kufika kaunta ndio nasikia moja ni shilingi 12,000, hela ambayo mtaani kwetu inanipa bia mbili za Nile na rolex juu, ile chapati ya mayai.

Nyumbani nikafungua ikiwa baridi ya kuuma meno, nikapiga kwa chupa vile nakunywaga bia ya Bell, na kwakweli sikuipenda. Uchungu tupu, halafu nyuma yake kitu kama makaa. Shemeji yangu alikuwepo, yeye ni Nile Special tu, tena ile ya moto ambayo haijaona friji, akaonja kidogo akanirudishia chupa, "Shemeji, hii kahawa waliunguza." Nikaiacha mezani nikaenda kuoga.

Kurudi baada ya kama nusu saa nikamimina iliyobaki kwa glasi. Nyeusi tii, ila ukiinua kwa taa pembeni kuna wekundu, na povu lake sio jeupe, lina rangi ya chai ya maziwa, linashuka polepole likiacha pete kwa glasi. Nikanusa kwanza. Jamani, ile harufu naijua! Kwetu kahawa ilikuwa inakaangwa akija mgeni tu, siku zingine ni chai, na kuna dakika moja pale kikaangoni mbegu zinaanza kupasuka kabla hazijawa nyeusi, jikoni kote kunanukia, basi ni hio hio. Na ladha ilikuwa imegeuka kabisa, utamu kama sukari guru, uchachu mdogo mwishoni ule wa kahawa ya arabika ya Mlima Elgon kwetu, uchungu upo lakini umekaa nyuma. Kumbe baridi ndio ilikuwa imefunga kila kitu. Hapa Uganda ukiagiza bia unaulizwa baridi au ya moto, hii inataka katikati, itoe kwa friji mapema uiache ipumue.

Na shemeji alikosea kidogo, ule weusi na yale makaa mengi yanatoka kwa shayiri iliyokaangwa, ndivyo bia nyeusi za aina ya stauti zinavyopikwa hata kama hazina kahawa. Kilevi chake ni 7%, Nile Special ni 5.6, kwahiyo hio chupa ndogo isikudanganye, moja inatosha.

Kilichonigusa zaidi ni lile jina Bugisu kwa lebo. Mwisho wa mwaka kahawa ikiiva tulikuwa tunaianika kwa turubai kando ya barabara ya Sironko, tunaigeuza kwa mikono mchana kutwa, wingu likitanda mnakimbia wote kukunja, halafu inaondoka kwa magunia na hamjui inaenda kunywewa na nani.

Chupa ya pili nilifungua Jumapili na muchomo, nyama choma ya mbuzi, ikafunguka bila hata kutoa sauti, gesi hakuna, imelala kama maji ya jana. Kifuniko kilikuwa kimelegea. Supamaketi wakakataa kubadilisha eti imeshafunguliwa, iliniuma sana, mtu akiuza kitu cha bei hio awe anakagua. Ukinunua, bonyeza kifuniko kwanza.

Bado nitarudi kununua, duka lingine lakini, maana nataka moja ya baba kabla msimu haujaisha. Ameuza kahawa miaka yote na hajawahi kuionja hivi. Nitaifunga kwa gazeti, basi la Mbale ni kama masaa matano, itafika imepata moto, nimeshamwambia mama aiweke kidogo kwa maji ya mtungi.